Punje Iliyovunjika Haina Itikadi

Punje ya elfu moja mia nne na tisa ilikuwa imevunjika katikati, na hapo Mzee Zefania Mwakisisya akasimamisha kazi.

Aliishika kwa kidole gumba na cha shahada, kama Waraka ulivyoagiza, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Kushoto kwake kulikuwa na gunia lililoandikwa MADHABAHU. Kulia kwake kulikuwa na gunia lililoandikwa BENDERA. Magunia yote mawili yalikuwa matupu, yamejikunja chini kama watu waliochoka kusubiri zamu. Mbele ya miguu yake kulikuwa na ungo, na huo ndio uliojaa. Ungo haukuandikwa kitu, kwa sababu alichokuwa akiweka humo hakikuwa na jina katika sheria za nchi ya Sawia.

"Koplo," aliita.

"Naam, mzee." Koplo Nyanjige alikuwa amekaa mlangoni juu ya debe lililopinduliwa, bunduki imelala magotini.

"Hebu tazama Waraka. Unasema lolote juu ya punje iliyovunjika?"

Koplo alitoa karatasi mfukoni, akaisoma kwa midomo. "Unasema punje. Hausemi nzima wala nusu."

"Basi niulizie kwa wakubwa. Siwezi kuamua jambo ambalo Serikali haijaliamua."

Mtu mwingine angesema hivyo kwa dhihaka. Zefania hakuwa na dhihaka. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, aliyejifundisha kusoma kwa magazeti ya kufungia sukari na hesabu kwa kupima mbao, na tangu hapo alikuwa na heshima kubwa kwa kila kilichoandikwa. Kwa miaka mingi alikuwa mzee wa kanisa na katibu wa tawi la Chama kwa wakati mmoja, na hakuna siku aliyosikia kazi hizo mbili zikigombana ndani ya koti lake.

Aliiweka ile punje peke yake kwenye kizingiti cha dirisha, isubiri maamuzi.

"Hodi," sauti ikasema nje.

Alikuwa Bibi Tulinagwe, amebeba kapu lililofunikwa kanga, amesimama mbali kidogo na mlango, mahali ambapo mtu anaweza kusema alikuwa anapita tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Baba Sekela. Mmefungua?"

"Bado, mama. Tunachambua."

"Mmefika wapi?"

"Kwa leo, elfu moja mia nne na nane. Moja imenishinda."

"Na zilizobaki?"

Zefania alikuwa ameshapiga hesabu hiyo. Kwa mwendo wake wa punje elfu moja na mia saba kwa siku, ukitoa Jumapili na sikukuu za Chama, kazi ingemchukua miaka ishirini na miwili. Hakuwa na kawaida ya kusema uongo, lakini hakuona pia sababu ya kumtupia mtu mzima ukweli wote kwa mkupuo.

"Zimebaki nyingi, mama."

Bibi Tulinagwe aliivuta kanga ikafunika ukingo wa kapu vizuri. Ulikuwa mwezi wa Februari. Mahindi mashambani yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, na vihenge vya nyumbani vilishapigwa ufagio. Nyumbani kwake kulikuwa na wajukuu wanne.

"Haya," alisema. "Mimi nilikuwa napita tu. Naenda kutafuta majani ya maboga."

Alikuwa amesema maneno hayo hayo jana na juzi.

*

Mambo yote yalianzia mezani, tena kwa heri kabisa.

Kiongozi wa Sawia, aliyependa kuitwa Ndugu Mkuu kwa sababu alichukia makuu, alikuwa akila kanga wa kuchoma na mawaziri wake. Alipomaliza paja la pili alichokonoa meno, akatazama dari, akasema, "Hivi, Mkristo anaweza kweli kuwa mjamaa?"

Kisha akaomba maji ya kunawa.

Hakuna aliyejua kama lile lilikuwa swali, amri, au mlo umeshuka vibaya. Waziri wa Mipango alisema, "Anaweza sana, Ndugu Mkuu." Asubuhi yake aliteuliwa kuwa balozi katika nchi yenye theluji. Waziri wa Maji alipoona hivyo akasema, "Hawezi kabisa, Ndugu Mkuu." Naye akateuliwa kuwa naibu wa yule balozi. Waliobaki waliona hekima ya kuunda Tume.

Tume ya Upatanifu wa Imani na Itikadi ilikuwa na wajumbe kumi na wawili. Sita walikaa upande wa Madhabahu, wakiwa na kanzu. Sita walikaa upande wa Bendera, wakiwa na kalamu nne nne mfukoni. Katikati alikaa Mwenyekiti, Mheshimiwa Ndugu Balozi Mstaafu Kasyupa, juu ya kiti kinachozunguka, ili asionekane ameelekea upande mmoja kwa muda mrefu.

Walijadiliana miezi kumi na minne. Upande wa Madhabahu ulisema waumini wa kwanza kabisa waliuza mashamba yao na kugawana, kwa hiyo Chama kimeiga. Upande wa Bendera ulisema kama waligawana bila kupitia ngazi za Chama, basi ule ulikuwa ugawaji holela. Kila jioni Mwenyekiti alizungusha kiti mzunguko mmoja na kuahirisha kikao.

Ndipo ikaja habari kwamba katika kijiji cha Isengwa, huko kwenye ukungu na baridi, kuna ghala moja la mahindi lenye vibao viwili mlangoni. Cha juu kilisema *Sadaka ya Wahitaji*. Cha chini kilisema *Hifadhi ya Umma*. Na ndani mahindi yamechanganyika, hayana aibu.

"Ushahidi wa kisayansi!" alisema Mwenyekiti, akasimamisha kiti.

*

Ni lazima ielezwe jinsi ghala lile lilivyofanya kazi, kwa maana Tume nzima ilielezwa mara saba na haikuelewa.

Wakati wa mavuno kila nyumba ilipeleka mahindi ghalani. Mwenye kuleta alikuja na chombo chake kimefunikwa. Zefania alifungua kufuli, kisha akageuka, akautazama ukuta wa jirani. Mtu akaingia peke yake, akafunga mlango nyuma yake, akamimina alichomimina, akatoka na chombo chake kimefunikwa. Zefania akasubiri nyayo zipotee, akageuka, akafunga. Alimimina debe? Alimimina kiganja? Hakuna aliyejua.

Wakati wa njaa mambo yalikuwa hayo hayo. Mtu alikuja na chombo kimefunikwa. Zefania aligeuka. Mtu aliingia, akafunga mlango, akachota alichohitaji, akatoka. Na kwa kuwa wapo waliomimina hata Februari, na wapo waliochota hata Julai, hakuna aliyeweza kumtazama jirani yake akiingia ghalani na kusema huyu ni mtoaji au huyu ni mwenye shida.

Walikuita huko kuwekeana kisogo. Mtoto wa Isengwa alijifunza kugeuka mbele ya ghala kabla hajajua kuosha uso. Ukimpita mtu mlangoni pale, hukumwamkia. Ilikuwa ndiyo sehemu pekee kijijini ambapo kumnyima mtu salamu kulihesabiwa adabu.

Mchungaji Ambokile aliliandikia jimbo kwamba waumini wake wanatoa. Ndugu Lwitiko, kada wa Chama, aliiandikia wilaya kwamba wananchi wake wanashirikiana. Wote wawili walisema kweli, na kila mmoja alipanga Jumamosi ya kulima shamba la wote bila kumwambia mwenzake kwamba ni Jumamosi ile ile. Watu walikwenda mara moja, wakalima mara moja, wakahesabiwa mara mbili.

Zefania alishika ufunguo miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo kitu alichokijua vizuri zaidi juu ya ghala lile ni ukuta wa jirani.

*

Tume ilifika na magari tisa. Ghala lilitiwa lakiri siku hiyo hiyo. Meza ndefu ikawekwa uwanjani chini ya turubai, na Mwenyekiti akasimama kuhutubia.

"Wananchi wa Isengwa! Msiwe na hofu. Serikali yenu haikuja kuchukua mahindi. Serikali imekuja kuyafahamu mahindi. Kwa muda mrefu mmekula bila kujua mnakula nini. Je, ni neema? Je, ni haki? Mtu aliyekula neema akidhani ni haki anaweza kupata madhara makubwa, na kinyume chake pia! Kwa hiyo kila punje itapewa heshima yake. Iliyotolewa kwa ajili ya Mungu itakwenda Madhabahu. Iliyotolewa kwa ajili ya umma itakwenda Bendera. Uchambuzi ukikamilika, ghala litafunguliwa, tena litakuwa na milango miwili!"

Watu walipiga makofi, kwa kuwa kulikuwa na mtu mbele anayeonyesha wakati wa kupiga.

"Na tukisikia njaa kabla uchambuzi haujakamilika?" aliuliza mtu kutoka nyuma.

Karani wa Tume alijibu kwamba kuna Fomu. Anayehitaji chakula aje mezani hapa, mbele ya watu wote, aandike jina, idadi ya midomo, na sababu za kukosa, kisha apate mashahidi wawili. Isipokuwa sehemu moja ya Fomu ilikuwa na ugumu. Maskini walikuwa wamefutwa nchini Sawia mwaka uliopita, kwa Sheria Namba Tatu. Kwa hiyo palipoandikwa *hali ya mwombaji*, aliruhusiwa kujaza *mwananchi mwenye nafuu* au *mwananchi mwenye nafuu kubwa*.

Hakuja mtu hata mmoja. Tume iliandika kwamba Isengwa hakuna njaa.

Zefania, kwa kuwa alikuwa mtu wa pande zote mbili, aliteuliwa Mchambuzi Mkuu. Siku ya kwanza alijitahidi kwa moyo wote. Alishika punje, akalitafakari chimbuko lake, akasikiliza moyoni. Hakusikia kitu. Ilikuwa nyeupe, kavu, ina doa dogo jeusi pale inapokaa kwenye gunzi. Akaiweka kwenye ungo. Ya pili vilevile. Jioni alipeleka taarifa: *Madhabahu, hakuna. Bendera, hakuna. Sijui, elfu moja na mia saba.*

"Sijui?" Mwenyekiti alizungusha kiti taratibu. "Ndugu Zefania, sheria haina mahali pa sijui."

"Ndiyo maana nimeiweka kwenye ungo, Mheshimiwa. Gunia la tatu sikupewa."

*

Kwa kuwa punje zilikataa kusema, Tume iliamua kuwauliza watoaji. Kila mtu aje aseme alitoa kiasi gani, na alipotoa alikuwa akimfikiria nani.

Hapo ndipo Isengwa ilipoanza kuharibika.

Wa kwanza alikuwa Mama Anyosisye, mtu mnyamavu. "Nilitoa debe. Nilikuwa namfikiria yule aliyevunjika mguu, sijui ataweza kulima."

"Kwa hiyo ulimfikiria Mungu au umma?"

"Nilimfikiria aliyevunjika mguu."

"Mama, kuna visanduku viwili tu hapa."

"Basi andika mguu ulikuwa wa kulia," alisema, na watu wakacheka, na hicho kikawa kicheko cha mwisho.

Kwani aliyefuata alisikia kwamba majina yanaandikwa, akasema alitoa madebe matatu. Wa tatu akamtazama wa pili, akasema manne. Mtu mmoja ambaye shamba lake lote lingeingia kwenye kitanda alisema alitoa magunia mawili, na jirani yake akamcheka waziwazi. "Wewe? Na zile mboga ulizokuwa unatuomba?" Ngumi zikataka kurushwa. Watu walioishi miaka ishirini bila kutazamana mlangoni sasa walisimama jua lote la adhuhuri wakitazamana midomoni.

Ilipofika zamu ya Bibi Tulinagwe alisimama na kapu lake.

"Bibi, wewe ulikuwa unatoa au unachukua?"

"Nilikuwa naingia na kapu, baba, natoka na kapu."

"Likiwa limejaa au tupu?"

"Lilikuwa limefunikwa."

"Tunakuuliza ndani yake!"

"Na mimi nakuambia lilifunikwa," alisema Bibi Tulinagwe, akakaa. Karani, kwa kukosa la kuandika, aliliandika jina lake na kuliwekea alama ya kuuliza. Alama ile ilionekana mpaka nyuma.

Jioni karani alijumlisha. Kwa mujibu wa ushahidi, wanakijiji walikuwa wametoa magunia mia moja na ishirini. Kwa mujibu wa ushahidi huo huo, hakuna mtu aliyewahi kuchukua hata punje. Ghalani palikuwa na mahindi yapata magunia arobaini.

Kiti cha Mwenyekiti kilizunguka, kikasimama kikimtazama Zefania.

"Ndugu Mchambuzi Mkuu. Magunia themanini yako wapi?"

"Sijui, Mheshimiwa."

"Una ufunguo peke yako?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Basi una mpaka kesho saa sita. Utuletee orodha ya waliochukua, ghala lifunguliwe kwa ajili yao na wao wafahamike. Ama utuambie umeyauza wapi wewe."

*

Mchungaji Ambokile na Ndugu Lwitiko walimkuta kesho yake asubuhi ameketi nje ya ghala, anatazama ukuta wa jirani kwa mazoea. Walikuja kwa njia tofauti, wakafika pamoja, wakaona haya.

"Usiandike orodha, Zefania," alisema Mchungaji. "Nimekaa na hawa wa Chama hapa kijijini miaka mingi sasa. Shida yao naijua. Wakishajua nani ana nini, watamlazimisha atoe. Na mtu akilazimishwa, anachotoa si sadaka tena. Ni kunyang'anywa kwa mpangilio."

"Mchungaji anasema vizuri kwa sababu ameshiba," alisema Ndugu Lwitiko. "Kwa utaratibu wenu ninyi, mjane anakaa kungoja mwenye nacho aguswe moyo. Asipoguswa je? Anakwenda kumpigia magoti, anaimbiwa wimbo, anapigwa picha. Mzee Zefania, andika orodha. Njaa ikijulikana inakuwa deni la nchi nzima."

"Nchi ambayo haina maskini?" aliuliza Mchungaji.

Ndugu Lwitiko alikuwa mtu mkweli, na sheria ile ilimuumiza.

Zefania alifikiri muda mrefu. Ndivyo alivyokuwa; ukimuuliza jambo asubuhi unapata jibu wakati wa kupika.

"Nadhani wote mnasema kweli," alisema mwishowe. "Hilo ndilo linalonisumbua. Mimi nilidhani tulikuwa tumelikwepa. Hapa hakulazimishwa mtu, na hakupigiwa mtu magoti. Lakini tulilikwepa kwa kutotazama. Na pengine kuna mwenye shibe aliyekuwa anakuja kuchota, na mimi nimempa kisogo miaka yote hii. Sitajua kamwe."

"Kwa hiyo utafanyaje?"

"Nitasema ninachokijua."

Saa sita alisimama mbele ya meza, kofia mkononi.

"Mheshimiwa, katika waliochukua namjua mmoja tu."

Bibi Tulinagwe aliinamisha kichwa.

"Ni mimi. Mwaka ule wa mafuriko, mke wangu alipokuwa amelala mgonjwa. Nilifungua kufuli, hapakuwa na mtu wa kunipa kisogo, nikageuka mwenyewe. Nikaingia. Nilichukua mara tisa."

Karani alishika kalamu kwa furaha. "Ulichukua kama Mkristo au kama mjamaa?"

"Mtoto alikuwa analia. Sikukumbuka kujiuliza."

Upande wa Madhabahu ulianza kunong'ona. Mzee wa kanisa kumbe aliiba? Upande wa Bendera ulinong'ona kwa nguvu zaidi. Katibu wa tawi kumbe aliona njaa? Mwaka ule wa mafuriko ndio Ndugu Mkuu alipopokea nishani ya kilimo! Mwenyekiti alizungusha kiti mara tatu mfululizo, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akashuka kidogo amepatwa na kizunguzungu.

"Ushahidi huu haukutolewa," alisema. "Karani, futa. Ndugu Zefania, hukuwahi kuwa na njaa. Magunia themanini hayakuwahi kuwepo. Rudi kachambue."

Na hivyo Zefania aliachiwa huru, ghala likabaki na lakiri, na jina pekee lililobaki kwenye daftari la waliochukua lilikuwa la Bibi Tulinagwe, lenye alama ya kuuliza.

Kwa siku tatu hakupita tena kwenda kutafuta majani ya maboga.

*

Siku ya nne Koplo Nyanjige alifika na bahasha yenye muhuri. Ilikuwa majibu ya ile punje. Tume nzima ilikuwa imekaa kikao maalumu, kwa kuwa jambo lenyewe halikumtaja mtu, na kila mjumbe alilichangia kwa uhuru na ufasaha.

Koplo alisoma kwa sauti. "*Mwongozo Namba Moja. Kwa kuwa imani inahitaji moyo mzima. Na kwa kuwa itikadi inahitaji msimamo usioyumba. Imeamuliwa kwa kauli moja kwamba punje iliyovunjika haina imani wala itikadi. Isihesabiwe. Itupwe nje.*"

Zefania aliomba asomewe tena. Kisha akaisoma mwenyewe. Kisha akainuka, akaenda kuichukua ile nusu punje dirishani, akatoka mlangoni na kuitupa nje, kama ilivyoagizwa. Kuku wa jirani alikuja mbio.

Alimtazama kuku kwa muda.

Alasiri hiyo alikwenda nyumbani akarudi amebeba kinu begani na mchi mkononi.

"Kinu cha nini tena, mzee?" aliuliza Koplo.

"Cha kuvunjia."

Zefania hakujua kuficha. Kama Koplo angeuliza zaidi angeelezwa zaidi. Koplo alitoa Mwongozo mfukoni, akaupitia kwa midomo, mstari kwa mstari.

"Umesema zilizovunjika zitupwe," alisema polepole. "Haujasema zisivunjwe."

"Nami nimeona hivyo. Lakini wewe ndiye mlinzi. Ukisema niondoe, naondoa."

Koplo aliukunja Mwongozo, akaurudisha mfukoni. Mwishowe alisema, "Kwetu nako kulikuwa na kitu kama hiki. Si ghala. Zizi la maziwa. Wakaja wakaandika orodha ya wanaokunywa. Orodha nzuri tu, ilipigwa chapa."

"Ikawaje?"

"Mama akaacha kwenda. Na wengine wakaacha. Maziwa yakawa yanachacha." Alijikuna shingo. "Hata walipoichana orodha hawakurudi, mzee. Sijaelewa mpaka leo kwa nini."

Zefania alitwanga. Hakutwanga sana, alitwanga kwa kipimo, kama mtu anayepiga msumari kwenye mbao nyembamba. Punje nzima aliendelea kuzichambua moja moja na kuziweka kwenye ungo. Zilizovunjika alizijaza kwenye beseni kubwa, akaliweka nje, hatua moja kutoka mlangoni, chini ya vile vibao viwili. Alikuwa amezitupa nje. Alitafuta moyoni mwake kama kuna uongo hapo, akakuta kitu kinachofanana na uongo lakini hakuweza kukiwekea jina, akakiacha kwenye ungo pamoja na vingine.

Kisha akamtuma Mama Anyosisye kwa Bibi Tulinagwe. Ujumbe ulikuwa mfupi. Baba Sekela anasema amesimama palepale.

Alisimama mbele ya mlango, akageuka, akautazama ukuta wa jirani.

Muda ukapita. Ukungu wa jioni ulianza kushuka kutoka milimani. Hapakuwa na mtu. Zefania alihesabu matofali ya ukuta ule ambayo alishayahesabu miaka ishirini na miwili, akapata idadi ile ile. Akawaza kwamba huenda Koplo alisema kweli, kwamba kitu kama hiki kikitazamwa mara moja tu hakiponi, na kwamba beseni litakaa pale mpaka kuku walimalize, na Tume itaandika kwamba Isengwa hakuna njaa.

Nyayo zikasikika barabarani. Zikapunguza mwendo. Zikasimama.

Zilisimama muda mrefu mno. Zefania alielewa. Mgongo wake mmoja haukutosha. Mlangoni kulikuwa na mtu wa Serikali, mwenye macho mawili mazima, anayetazama barabara kwa sababu kutazama ndiyo kazi aliyopewa.

Alitaka kusema neno, akakumbuka kwamba mahali pale hapasemwi neno.

Debe lililopinduliwa likalia kwa chuma kukwaruza jiwe. Koplo Nyanjige aliinuka, akatundika bunduki begani, akaja akasimama kando ya Zefania, bega kwa bega, uso kwenye ukuta.

Nyuma yao kanga ilichakarika. Kulikuwa na sauti ya kitu kikimiminwa juu ya kitu, lakini iwe ni kutoka kwenye beseni kwenda kwenye kapu, au kutoka kwenye kapu kwenda kwenye beseni, sauti ni ile ile. Kisha nyayo. Kisha nyayo nyingine, nyepesi zaidi, zikija kutoka upande mwingine. Kisha nyingine.

"Hao ni akina nani?" Koplo alinong'ona.

"Sijui," alisema Zefania.

Walisimama mpaka pakawa kimya kabisa. Zefania aligeuka, akaingiza beseni ndani bila kulitazama, akafunga kufuli juu ya lakiri iliyokwisha kukatika tangu siku alipoanza kuchambua. Karani alikuwa ameagiza taarifa ya kila siku, kwa hiyo alikaa kwenye debe, akalaza karatasi gotini, akaandika kwa herufi zake kubwa za kujifunza. *Madhabahu, hakuna. Bendera, hakuna.* Kwenye mstari wa zilizotupwa aliandika *sikuona*, na hilo lilikuwa kweli.

Kulikuwa na baridi. Alipotaka kufunga koti aligundua kwamba bado ameshika punje moja kiganjani, nzima, nyeupe, ya mia sita na kumi na mbili kwa siku hiyo. Aliitazama kwa mwanga uliobaki. Koplo alikuwa anamngojea.

"Hiyo ya wapi, mzee?"

Zefania aliigeuza upande wa pili.

"Mwanga umekwisha," alisema, akaitia mfukoni. "Nitaanza nayo kesho."